Kumtafuta Anayeona: mwongozo wa kuichunguza akili kwa njia ya yoga

Kwenye kumbi za mazoezi za Nairobi na Dar es Salaam utakuta yoga imepangwa katikati ya zumba na kunyanyua vyuma, na si vibaya. Lakini kitabu ambacho shule nyingi za yoga hukitaja kuwa msingi wao, Yoga Sutra ya Patanjali, kina sutra, yaani sentensi fupi za mafunzo, 195 (matoleo mengine huhesabu 196), na zinazozungumzia mkao wa mwili ni tatu tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki inashughulika na akili: imeundwaje, inasumbuliwa na nini, inatulizwaje, na ni nani hasa anayeijua. Mwongozo huu unalenga swali hilo la mwisho. Unahitaji kiti au mkeka, daftari, na dakika 20 za asubuhi kabla nyumba haijaamka. Kuweza kugusa vidole vya miguu si sharti.

Kitabu chenyewe kiliandikwa India kwa Kisanskriti, na wataalamu hukiweka kati ya karne ya 2 KK na karne ya 5 BK. Wapo watakaouliza kama kinamhusu mtu asiye Mhindu. Katika karne ya 11 mwanachuoni Mwislamu al-Biruni, mzaliwa wa Khwarazm, alikifasiri kwa Kiarabu na kukipanga kwa mtindo wa maswali na majibu. Hakuwa mfuasi, alitaka kuelewa. Nami naona msimamo huo unatosha kwa kazi iliyo mbele yetu. Hatua zifuatazo hazimdai mtu aimbe wala asujudu. Madai ya falsafa hii kuhusu uhai wa milele kila mmoja atayapima kwa imani yake.

Kabla ya yote: ujue mpaka umepita wapi

Yoga ya Patanjali ilichukua ramani yake kutoka falsafa ndugu iitwayo Samkhya. Samkhya huhesabu misingi 25 inayoueleza ulimwengu wote. Misingi 24 iko upande wa prakriti, yaani maumbile. Mmoja tu uko upande wa pili: purusha, fahamu tupu.

Kinachowashtua wageni ni mahali mpaka ulipopita. Wengi wetu tumelelewa kuuweka mwili upande huu, na akili pamoja na roho upande ule. Samkhya inaichukua akili na kuiweka pamoja na mawe, maji na mifupa. Wazo ni maumbile, ila maumbile membamba sana. Hasira ni maumbile. Hata werevu wa kutatua hesabu ngumu ni maumbile, na peke yake haujui lolote. Unaonekana kujua kwa sababu fahamu iko karibu nao. Purusha kwa upande wake hafikiri, haamui, hakumbuki, hana hata tabia. Anaona tu.

Usilikubali dai hili sasa hivi. Lichukue kama jambo la kwenda kulijaribu.

Ndani ya akili kuna watendaji watatu. Manasi hukusanya yanayoingia kwa macho, masikio na ngozi. Ahamkara ni kama karani anayegonga muhuri wa "changu" kwenye kila karatasi inayopita mezani. Budhi hupima na kuamua. Simu ikiita saa tano usiku, manasi hupokea mlio. Ahamkara husema ni simu yangu, ninatafutwa mimi, nimefanya nini. Budhi huangalia saa, ikaona namba ya nyumbani, ikasema pokea. Haya yote hupita kwa sekunde moja hivi. Patanjali mwenyewe hajishughulishi sana kuwatenganisha. Huwakusanya chini ya jina moja, chita. Lakini anayeanza hufaidika akiwatenganisha.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usikae kutafakari. Kila jioni chukua tukio moja la siku hiyo uliandike kwa mistari mitatu: ni kitu gani kiliingia, muhuri wa "changu" uligongwa wapi, na uamuzi ulikuwa upi. Mstari wa kati ndio utakaojaza ukurasa.

Hatua ya 1: Anza na jirani, si pumzi

Hatua hii huachwa sana, na nadhani ndiyo sababu wengi hukwama baadaye. Katika sura ya kwanza, sutra ya 33 inatangulia ile ya pumzi, na inasema akili hutulia kwa kujenga mielekeo minne: urafiki kwa mwenye raha, huruma kwa mwenye dhiki, furaha kwa mwenye kutenda mema, na kutojishughulisha na mwenye kutenda maovu.

Ukiisoma sutra hii haraka unaona ni mawaidha ya kawaida. Isome kama fundi. Patanjali anataja aina nne za watu wanaoingia kichwani mwako unapofumba macho, na kwa kila mmoja anatoa dawa. Mwenye raha huleta kijicho. Jirani amepandisha ghorofa, wewe bado unadaiwa kodi. Ukikaa kimya dakika 10, dakika nane utakuwa kwenye ghorofa lake. Mwenye dhiki huleta ama kuchoshwa naye ama kujiona bora. Mtu mwema huleta shaka: "anajifanya tu". Mwovu huleta hukumu ndefu yenye hakimu mmoja na mshtakiwa asiyekuwepo.

Zoezi: kabla ya kukaa, taja kimoyomoyo mtu mmoja wa kila aina, wa kweli, unayemjua. Kwa wa kwanza mtakie raha yake idumu. Ukihisi meno yanakaza, hapo ndipo kazi yako ilipo. Baki hapo hadi upungue ugumu kidogo, kisha endelea. Kwa mwovu usijilazimishe kumpenda. Sutra haisemi umpende, wala haisemi uache kumripoti polisi ikibidi. Inasema akili yako isifanye makazi kwake.

Hatua ya 2: Kaa, vuta pumzi, toa

Kuhusu mkao, Patanjali anataka mambo mawili: uwe imara na uwe wa raha. Kiti cha jikoni kinatosha. Mgongo wima bila kukakamaa, nyayo chini, mikono juu ya mapaja. Mwenye magoti mabovu asijikunje kwa sababu ya picha aliyoiona mtandaoni.

Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Ukivuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Fanya hivyo mara 10 au 12, kisha iache pumzi ijiendee. Sutra inazungumza pia juu ya kuibana pumzi, lakini hilo liache hadi upate mwalimu, na mjamzito, mwenye pumu au mwenye shinikizo la damu asilijaribu peke yake.

Hatua ya 3: Zipe mawazo majina

Sutra ya pili ya kitabu ndiyo maarufu kuliko zote: yoga ni kutuliza vriti za chita. Vriti ni mizunguko, yale mawimbi yanayopita akilini bila kukoma. Kutokana na sutra hiyo watu wametoa fundisho kwamba lazima "uondoe mawazo yote", wakakaa chini, wakashindwa, wakaacha. Lakini Patanjali haanzi kwa kuyafukuza. Anaanza kwa kuyapanga, na anapata aina tano tu.

Ya kwanza ni ujuzi sahihi, unaopatikana kwa kuona mwenyewe, kwa kukisia kutokana na dalili (pale kwenye moshi pana moto), au kwa kuambiwa na mtu wa kuaminika. Ya pili ni ujuzi wa makosa: umetuma ujumbe, umeona tiki mbili za buluu, hakuna jibu, ukahitimisha amekudharau. Kumbe alikuwa anaendesha gari. Ya tatu ni vikalpa, maneno yasiyo na kitu nyuma yake. Ya nne ni usingizi. Ya tano ni kumbukumbu.

Tatu kati ya hizo zinahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Ujuzi sahihi nao ni vriti. Kujua kwamba mbili na mbili ni nne ni wimbi kama mawimbi mengine. Linainuka, linaonekana, linashuka. Wasomi hupata taabu hapa kuliko watu wengine, maana wameshazoea kujitambulisha kwa yale wanayoyajua.

Vikalpa ndiyo itakayojaza daftari lako. Fikiria sentensi "watu watasema nini?" Watu gani? Jaribu kuwataja kwa majina. Mara nyingi hawapo, au ni shangazi mmoja ambaye hata hakumbuki. Maneno yamejisimamia yenyewe na moyo ukaenda mbio. Vyasa, mfafanuzi wa kale wa Patanjali, anatoa mfano wa kupendeza wa aina hii: kusema "fahamu ni hali ya purusha", kana kwamba purusha ni kitu kimoja na fahamu ni kingine anachokimiliki, ilhali purusha ndiye fahamu yenyewe. Yaani hata mazungumzo ya falsafa ya yoga anayahesabu kuwa mizunguko ya maneno. Sijaona wanafalsafa wengi walio tayari kujikata hivyo.

Na usingizi: kwa nini uwe wimbi wakati hakuna chochote akilini? Hoja ya Vyasa ni kwamba ukiamka unasema "nimelala vizuri" au "nimelala vibaya, kichwa kizito". Unakumbuka. Na kukumbuka hakuwezekani bila kitu kilichoonjwa. Basi hata kule ambako hukuwa na wazo wala ndoto, kulikuwa na hali ya akili, nayo ilijulikana. Ishikilie hoja hii, tutaihitaji katika hatua ya tano.

Zoezi ni jepesi kulieleza. Kaa dakika 15. Akili ikiondoka, ukigundua imeondoka, itaje: "kumbukumbu". "Maneno." "Kosa." Usijadiliane nayo, usiifuate. Ukishindwa kujua ni aina gani, sema "wimbi" na urudi kwenye pumzi. Fanya hivi kwa wiki mbili au tatu kabla ya kusonga mbele. Baadaye andika mstari mmoja tu: ni aina ipi iliyotawala leo.

Hatua ya 4: Mkamate anayechanganya

Mawimbi hayo matano huja kwa namna mbili, ya kuumiza na isiyoumiza, na kinachoyatia sumu ni klesha. Klesha pia ni tano: kutojua, umimi, kutamani, kuchukia, na kung'ang'ania uhai. Hiyo ya mwisho Patanjali anasema iko hata kwa wenye hekima. Nampenda kwa kutotudanganya.

Kwa kazi yetu muhimu ni ya pili, asmita. Ni kumchukulia anayeona na chombo cha kuonea kuwa kitu kimoja. Mfano mdogo: unasema "nimechanganyikiwa". Tazama kwa makini. Kuchanganyikiwa kunaonekana, na kunaonekana waziwazi. Ndiyo maana umeweza kukutaja. Je, kule kukuona nako kumechanganyikiwa?

Kwa siku kadhaa, hisia nzito ikija wakati wa shughuli zako, fanya mambo matatu papo hapo. Itafute mwilini: kifua, tumbo, taya. Kisha useme kimya, "kuna hasira hapa, inaonekana." Halafu endelea na ulichokuwa unafanya. Usiizuie hasira, wala usijipongeze kwa kuiona. Mkeo au mumeo asitambue kwamba unafanya zoezi. Ukianza kumjibu kwa sauti ya upole wa bandia umeshapotea.

Hatua ya 5: Rudi nyuma ngazi kwa ngazi

Sasa tumefika penyewe. Katika sura ya nne Patanjali anatoa hoja yake: mizunguko ya akili inajulikana sikuzote, na akili haijimuliki yenyewe kwa sababu nayo ni kitu kinachoonekana. Kinachoonekana si kinachoona. Mtu akisema, "basi sehemu moja ya akili inaitazama sehemu nyingine", Patanjali ana jibu: na hiyo ya pili inatazamwa na nani? Ya tatu? Ya nne? Hutafika mwisho, na kumbukumbu zitavurugana.

Shule ya Vedanta, falsafa nyingine ya Kihindu, ilitengeneza kutokana na hoja ya namna hii ngazi inayoweza kupandwa kwa vitendo. Baada ya dakika 10 za kutaja mawimbi, fumbua macho na uangalie kitu kimoja, kikombe cha chai kinafaa.

Kikombe kinaonekana, jicho linaona. Kaa hapo kidogo.

Kisha angalia hali ya jicho lenyewe: limechoka, lina ukungu, liko wazi. Hali hiyo nayo inajulikana. Jicho limekuwa kinachoonekana, na akili ndiyo inayoona. Fumba macho.

Sasa angalia hali ya akili: nzito, kali, ya wasiwasi, imechoshwa na zoezi hili. Nayo inajulikana. Akili nzima, pamoja na karani wake na mihuri yake, imehamia upande wa vinavyoonekana.

Inajulikana na nani? Uliza mara moja, usijibu.

Makosa hapa ni ya aina tatu na yote yatakupata. Utaona taswira, kama mtu mdogo aliyeketi nyuma ya paji la uso. Taswira hiyo inaonekana, kwa hiyo siyo. Utasikia sauti ikisema "mimi ni shahidi", yaani yule anayeona. Hilo ni wazo, ahamkara amepata karatasi mpya ya kugonga muhuri. Au utakutana na weusi mtupu na kudhani umefika. Weusi nao unaonekana, kama ule usingizi wa Vyasa. Kila kinachojitokeza kiweke upande wa vinavyoonekana na ubaki. Dakika tano zinatosha. Ukizidisha, zoezi hugeuka kuwa fumbo la maneno.

Je, hoja hiyo imethibitisha kuna purusha? Wanafalsafa wa Kibudha walipinga kwa karne nyingi: upo mtiririko wa kuona, walisema, lakini hakuna anayeona. Hata walioafikiana juu ya shahidi waligombana juu ya idadi. Samkhya inasema purusha ni wengi, kwa kuwa huyu anazaliwa wakati yule anafariki; Advaita ya Shankara, tawi la Vedanta, inasema fahamu ni moja tu. Kwa maoni yangu hoja ya Patanjali ina nguvu sana inaposema wazo halijijui lenyewe, na inapungua nguvu inaporuka kutoka hapo hadi umilele. Zoezi halikulazimishi kuruka. Unaweza kusimama kwenye jambo ulilolishuhudia: kila ulichokuwa ukikiita "mimi" asubuhi hii kimepita mbele yako.

Hatua ya 6: Shika kitu kimoja

Baada ya miezi, si wiki, ongeza hatua ya kukusanya akili. Chagua kitu kimoja: pumzi puani, mwali wa mshumaa, neno moja la dua uliyoizoea. Patanjali, baada ya kuorodhesha njia kadhaa, anamaliza kwa kusema au chochote ukipendacho, na ruhusa hiyo itumie. Usibadilishe kila siku.

Kuirudisha akili hapo kila inapotoroka ni dharana. Ikianza kutiririka pale bila kurudishwa, ni dhyana. Kitu kikibaki kinang'aa peke yake, na hisia ya "mimi ninatafakari" ikatoweka, wanaita samadhi. Wengi wetu tutakuwa kwenye dharana kwa muda mrefu sana, na tusione haya.

Vyasa anataja hali tano za akili ambazo hutumika vizuri kama kipimo: iliyotupwatupwa, iliyozubaa, inayotangatanga lakini hutulia mara kwa mara, iliyokusanyika, na iliyotulizwa kabisa. Ukijikuta kwenye ya tatu, unaendelea vema. Ukijikuta kwenye ya pili kila asubuhi, tatizo si falsafa, nenda ukalale mapema.

Mambo ya kuangalia njiani

Patanjali ameorodhesha vizuizi tisa, kuanzia ugonjwa, uzito wa akili na shaka hadi kufika mahali na kushindwa kukaa. Zaidi ya hivyo, ukianza kuona mianga au kusikia harufu zisizokuwepo, usizitangaze na usizitafute. Sehemu kubwa ya sura ya tatu ya kitabu inaeleza nguvu za ajabu, na ndani yake anaonya kwamba nguvu hizo ni kikwazo kwa samadhi.

Onyo la maana zaidi ni la afya. Mtu anayepitia msiba mzito, sonona, au aliyewahi kusikia sauti asiifanye hatua ya tano peke yake. Na yeyote anayeanza kuhisi mwili si wake au dunia si ya kweli, na hali hiyo ikamtisha, aache mara moja, ale, atembee, azungumze na watu, na isipoondoka amwone daktari. Kumtafuta shahidi hakukusudiwi kumtenga mtu na maisha yake.

Kuhusu ratiba, sutra inataka muda mrefu, bila kukatiza, na kwa moyo wa kujali. Ukikosa siku mbili tatu, usilipe deni kwa kukaa saa nzima siku ya nne. Rudi kwenye dakika 20 zako, uanze tena na yule jirani mwenye ghorofa.